Nanga chini ya viroba: kasoro inayosubiri mashine izimike Rufiji

Mashine ya boti inapozimika katikati ya Mto Rufiji, nahodha ana kazi mbili, na aghalabu huanza na ile iliyopaswa kuwa ya pili. Huiinamia mashine, akavuta kamba ya kuwashia mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Wakati huo boti inakwenda na maji. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde, ambao mtu aliyesimama ukingoni huuona wa kawaida tu, huchukua chombo mita 60 kila dakika. Dakika 3 za kuhangaika na plagi ni mita 180. Umbali huo unatosha kukifikisha chombo kwenye kisiki, kwenye kundi la viboko, au kwenye ukingo unaomomoka, tena kikiwa kimekaa ubavu.

Kazi ya kwanza ni kutia nanga. Boti ikishatulia, mashine itatengenezwa kwa nafasi. Lakini katika boti nyingi za mizigo nanga iko chini ya viroba vya mchele, pembeni ya dumu la petroli, na kamba yake imevurugika ikazunguka miguu ya abiria. Kuna chombo kimebeba nanga nzuri ambayo hakuna anayeweza kuifikia. Na kuna kingine nanga yake iko tayari omoni, lakini ni ya aina isiyoshika kwenye sakafu ya mto ule.

Mambo hayo mawili, aina ya nanga na mahali inapowekwa, ndiyo yanayoamua. Uzito, ambao wanunuzi wengi huuliza kwanza, huja baadaye.

Mto mmoja, sakafu tatu

Rufiji huanza pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, ukasafiri takribani kilomita 600 hadi Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Mwenye boti anayetoka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere hadi vijiji vya delta hapiti juu ya sakafu ya aina moja.

Ndani ya hifadhi, boti za watalii huzunguka mtoni na kwenye maziwa kama Tagalala, Manze na Nzerakera. Mto huko ni wa mchanga. Fungu lililokuwa kushoto mwaka jana linaweza kuwa kulia mwaka huu, na mahali palipokuwa na mita 2 za maji pakabaki na maji ya magotini. Kwenye maziwa kuna vigogo vya mivumo iliyokufa ikiwa bado imesimama, mingine imekatikia chini ya maji isionekane.

Kuanzia maeneo ya Utete kuelekea Daraja la Mkapa, mto unatambaa kwenye bonde pana la mashamba. Sakafu hapa ni mchanga uliochanganyika na tope laini, na adui mkubwa ni miti inayoletwa na maji. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yaliwakumbusha wakazi kwamba Bwawa la Julius Nyerere lililoko juu halijamaliza habari ya mto kujaa. Kila mafuriko hung'oa miti ukingoni, na maji yakishapungua miti hiyo hubaki imelala sakafuni ikingoja nanga za watu.

Sakafu ya tatu ni delta yenyewe, nchi ya mikoko, vijito na tope jeusi linalommeza mtu hadi mapajani. Maji hapa hayaji kutoka upande mmoja. Hujaa na kupwa, na mkondo hugeuka kila baada ya saa 6 na dakika chache. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo katika pwani hii huzidi mita 3. Boti iliyotia nanga mchana kwenye maji ya mita 2 inaweza jioni kuwa juu ya mita 5, au ikawa imepwelewa, imekaa juu ya tope kama kiatu kilichosahauliwa.

Kila sakafu na nanga yake

Nanga inayoonekana zaidi kwa wavuvi ni ile ya makombe manne. Fundi wa kuchomelea huchukua nondo, akazipinda ncha, akaziunganisha kwenye shina moja, akaweka pete juu. Ni rahisi kutengeneza na rahisi kukarabati, na haijali imeangukia upande gani, kwani siku zote kuna kombe linaloelekea chini. Kwenye mawe na matumbawe hakuna inayoipita. Kwenye vigogo pia hushika, wakati mwingine kupita kiasi.

Udhaifu wake uko kwenye mchanga na tope. Makombe ya nondo ni membamba. Hupita kwenye tope kama yanavyopita kwenye maji. Anayeitegemea peke yake ndani ya delta hulazimika kuifanya nzito sana, au kuichomelea vipande vya bati nene kwenye ncha za makombe ili yawe mapana. Marekebisho hayo ya pili ni ya gharama ndogo, na yanafanya kazi kuliko kuongeza nondo.

Kwa mchanga na tope, nanga inayofaa ni ya bapa mbili pana zinazochezacheza kwenye shina, ile inayojulikana kwa jina la Danforth. Mmarekani Richard Danforth aliibuni karibu na mwanzo wa Vita vya Pili vya Dunia, na vyombo vya kushushia askari ufukweni viliibeba tezini: viliidondosha vikiwa vinakwenda nchi kavu, kisha vikajivuta nayo kurudi majini. Nguvu yake haitoki kwenye uzito bali kwenye upana wa bapa zinazojizika. Boti ya mita 6 kwa kawaida hutosheka na nanga ya namna hii ya kilo 5 hadi 8, nayo nanga hulala bapa sakafuni mwa boti bila kula nafasi.

Nayo ina tabia zake. Kwenye majani mazito huteleza juu bila kuingia. Kijiti kikikwama kati ya bapa na shina, hugoma kufunguka. Na kwenye delta, mkondo unapogeuka, inaweza kung'oka na kuburutwa kidogo kabla ya kujizika upya upande wa pili. Boti iliyoachwa peke yake usiku kwenye kijito chenye maji ya kujaa na kupwa isiachiwe nanga hiyo bila kamba ya pili ufukweni. Panapokuwa na mkoko imara karibu, kamba kwenye mti ni bora kuliko chuma chochote kwenye tope.

Nanga ya plau inakaa katikati ya hizo mbili. Mwanasayansi wa Uingereza, Geoffrey Ingram Taylor, aliivumbua mwaka 1933 kwa ajili ya ndege zinazotua majini, ambazo zilihitaji nanga nyepesi yenye kushika sana. Maungio kwenye shina lake huiruhusu igeuke na boti bila kung'oka, jambo zuri panapogeuka mkondo. Lakini ina umbo la ajabuajabu lisilokunjika, na kwenye boti ndogo isiyo na pahali maalumu omoni hugeuka kikwazo cha kujikwaa. Ipo pia ile ya umbo la uyoga, ambayo mhandisi wa Scotland Robert Stevenson aliitumia kwa meli ya taa mwanzoni mwa karne ya 19. Hiyo hushika ikishazama kwenye tope kwa muda mrefu. Mvuvi wa ndoana anayetaka kusimama saa moja kwenye ziwa tulivu anaweza kuitumia. Nahodha wa abiria asithubutu.

Halafu kuna jiwe, kiroba cha mchanga na ndoo iliyojazwa zege. Hizo zinashindwa na hesabu. Kitu kikizamishwa majini hupungua uzito kwa kiasi cha uzito wa maji kinayoyasukuma. Chuma cha kilo 20 hubaki na uzito wa kama kilo 17 na nusu. Zege la kilo 20 hubaki na chini ya kilo 12, na jiwe halitofautiani sana. Juu ya hayo, jiwe na zege haviingii sakafuni. Vinategemea kusugua tu. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inayovuta boti huongezeka mara nne, na hapo ndipo jiwe lililotosha wakati wa kiangazi linapoanza kutembea wakati wa masika.

Kamba ni nusu ya nanga

Nanga yoyote, hata ya bei kubwa, hushika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa kuelekea juu, inang'oka. Ndivyo inavyong'olewa wakati wa kuondoka. Kwa hiyo urefu wa kamba ni sehemu ya nanga yenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kina cha maji, ongeza kimo cha omo kutoka kwenye maji, kisha zidisha mara 5 kukiwa shwari, mara 7 mkondo ukiwa mkali. Boti yenye omo ya nusu mita kwenye maji ya mita 3 inahitaji kamba ya mita 17 na nusu, au mita 24 na nusu mto ukiwa umechachamaa. Kwenye delta hesabu ifanywe kwa kina cha maji yakishajaa. Aliyepima mita 2 wakati maji yamekupwa, akatoa mita 12 za kamba, atakuta baada ya saa chache kamba imeinuka mno na boti inasafiri.

Kati ya kamba na nanga pawe na mnyororo wa mita 2 au 3. Uzito wake huulaza mvuto chini, na chuma chake hustahimili kusuguana na vigogo na chaza, vitu vinavyokata kamba usiku mmoja. Pingu inayounganisha mnyororo na pete ya nanga ifungwe kwa waya. Msumari wake hulegea polepole kwa mtikisiko wa mto, na nanga nyingi hupotea hapo bila kamba kukatika.

Kuhusu kamba yenyewe, nailoni huzama na hunyumbuka, hivyo humeza mishtuko. Zile kamba nyepesi za plastiki zinazoelea ni rahisi mfukoni, lakini zinaelea hadi kwenye pangaboi, na jua huzifanya zikauke na kumeguka nyuzi. Mwenye kutumia hizo azikague kila mwezi kwa kuzipinda: zikitoa vumbi, zimekwisha.

Meli za vita zilizotia nanga Kikunya

Rufiji imewahi kuona nanga zikipimwa chini ya mizinga. Mwishoni mwa mwaka 1914 meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta baada ya kuizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya kina. Zikaletwa Severn na Mersey, vyombo bapa vya mtoni vilivyojengwa Uingereza kwa oda ya Brazil kwa ajili ya Mto Amazon, vyenye kuhitaji maji yasiyofika mita 2.

Tarehe 6 Julai 1915 viliingia kwa mlango wa Kikunya. Mizinga haiwezi kulenga shabaha kutoka kwenye chombo kinachozungushwa na mkondo, kwa hiyo vilitia nanga omoni na tezini. Vilitulia, lakini kutulia huko kukawapa Wajerumani shabaha pia. Mersey ilipigwa, ikalazimika kuhama. Siku 5 baadaye vilirudi, na tarehe 11 Julai Königsberg ikawa imekwisha.

Nahodha wa boti ya kilo chache za dagaa hapigwi mizinga. Ila gogo zima la mti linaloteremka na maji kuelekea omo yake linamtaka afanye kile kile: aweze kuondoka papo hapo. Ndiyo maana kisu kikali hukaa omoni, na ndiyo maana wenye uzoefu hufunga chelezo kwenye mwisho wa kamba. Gogo likija, kamba hukatwa na kuachiwa yote, boti ikapisha, na baadaye chelezo huonyesha nanga iliko. Dumu tupu la lita 5 lililofungwa kizibo vizuri linatosha kwa kazi hiyo.

Nanga ya tezini, waliyoitumia Waingereza hao, isiigwe na boti ndogo kwenye mkondo. Tezini ndiko kuliko na mashine, mafuta na nahodha mwenyewe. Ndiko kulikokaa chini zaidi. Chombo kikifungwa kwa upande huo, maji ya mto hupanda juu ya ukingo wa nyuma na kukijaza kabla mtu hajapata kisu. Kukifunga ubavuni ni kukialika kipinduke. Kwenye maji yanayotembea, nanga hufungwa omoni, basi.

Pahali pa nanga

Mpangilio mzuri wa omo hauhitaji kiwanda. Fundi seremala hutengeneza sanduku lisilo na kifuniko, lenye matundu chini ya kutolea maji, likakaa mbele kabisa ambako hakuna abiria wala mzigo. Ndani yake kuna ndoo kubwa au tenga la kamba. Kazi huanza na mwisho wa kamba: hupitishwa kwenye tundu la ndoo na kufungwa kwenye mhimili imara wa omo, si kwenye kibao cha kukalia. Kisha kamba yote humwagwa ndani ya ndoo kidogo kidogo, bila kuzungushwa kwenye mkono wala kufungwa fundo. Juu yake huja mnyororo, na juu ya mnyororo huja nanga. Siku ya kuitoa, kila kitu hutoka kinyume cha kilivyoingia: nanga, mnyororo, kamba, bila mzunguko wa kukamata mguu wa mtu.

Makombe yasielekee ubavu wa boti. Boti ya fiberglass inayopiga mawimbi kwa saa mbili huku ncha ya nondo ikigusa ukuta wake hutobolewa kutoka ndani, na kipande cha tairi la zamani kikiwekwa kati yake huondoa hatari hiyo. Nanga isikae karibu na dumu la petroli, wala juu ya makoti ya kuokolea. Nanga ya kukunja ifungwe ikiwa imekunjwa wakati wa safari, lakini kwa kamba ya fundo la kuvuta, linalofunguka kwa mkono mmoja.

Kuna ajali moja ya delta ambayo wageni hawaitarajii. Maji yanapokupwa, boti hushuka na kukalia tope. Nanga ya makombe manne huacha kombe moja limesimama kuelekea juu. Boti iliyokuwa imefungwa kwa kamba fupi hukaa juu ya nanga yake yenyewe, na uzito wa mizigo humalizia kazi. Asubuhi maji yanarudi kwa kupitia sakafuni. Kamba ndefu, na nanga iliyotiwa upande wa maji marefu, huepusha hayo.

Kutia na kung'oa

Boti hugeuzwa ielekee mkondo, mwendo ukapunguzwa hadi isimame. Nanga hushushwa, hairushwi. Nanga inayorushwa hujiviringia mnyororo wake. Boti huachwa irudi nyuma yenyewe huku kamba ikitolewa, kisha kamba hukazwa kwenye mhimili. Hapo nahodha huweka kiganja juu ya kamba iliyokazwa. Ikiwa imetulia na kukaza sawasawa, nanga imeshika. Ikitetemeka na kushtuka kwa vipindi, inaburuta. Uhakika zaidi hupatikana kwa kuchagua vitu viwili ufukweni vilivyopangana, tuseme mnazi ulio mbele ya kibanda. Vikiachana, chombo kinasogea.

Kung'oa ndiko kunakowagharimu wengi. Nanga ikinasa kwenye kisiki, kishawishi ni kuzamia na kuinasua kwa mkono. Rufiji ni mto wa mamba, na kwa hilo peke yake jambo hilo halifanyiki. Dawa hufanywa kabla ya safari: kamba au mnyororo hufungwa kwenye kitako cha nanga, makombe yanakokutana, kisha ukapandishwa kando ya shina na kufungiwa kwenye pete ya juu kwa uzi mwembamba tu. Katika kazi ya kawaida nanga huvutwa kwa pete. Ikinasa, boti husogezwa juu yake na kamba kuvutwa kwa nguvu. Uzi hukatika, na nanga huvutwa kinyumenyume kutoka kitakoni, ikatoka ilikoingilia. Uzi uwe wa kukatika kwa nguvu ya mashine lakini usikatike kwa mkondo, na ubadilishwe kila unapoanza kuchakaa. Kwa chombo kitakacholala nje usiku kwenye mkondo mkali, uzi huo uachwe kabisa.

Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Lakini mkaguzi huiona boti ikiwa tupu gatini. Hayupo kwenye gati la Nyamisati alfajiri wakati viroba vya mwisho vinapopakiwa, na hapo ndipo nanga inapofukiwa.

Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho ni wa abiria. Kabla hujakaa, tazama omoni. Nanga inaonekana? Mwisho wa kamba yake umefungwa mahali? Kuna mtu anayeweza kuifikia bila kumwondoa mama na mtoto wake? Kama jibu ni hapana, mwombe nahodha ahamishe viroba viwili kabla ya kung'oka gatini. Ni kazi ya dakika moja kwenye maji yaliyotulia, na haiwezekani tena mashine ikishazimika katikati ya mto.